Wote wawili ni Wadalit, mbona mmoja anakwenda shakha?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Pune, India, mwaka wa pili. Nimepanga nyumba na wenzangu wawili wenyeji, wote wanatoka matabaka ya chini kabisa, wale wanaoitwa Wadalit. Mmoja amebandika ukutani picha ya Ambedkar, yule mtetezi wa haki za Wadalit, na akipokea simu husema 'Jai Bhim', salamu ya wafuasi wake. Mwingine huamka alfajiri kwenda mazoezi ya RSS, jumuiya ya utaifa wa Kihindu, na uchaguzi uliopita aliipigia kura BJP, chama cha siasa hizo hizo. Juzi walishikana mashati kwa sababu ya mchango wa sikukuu ya Ganpati, mungu mwenye kichwa cha tembo. Wa kwanza alikataa kutoa hata rupia moja, wa pili akamwambia hana shukrani, akajibiwa kwamba yeye ni mtumwa wa Wabrahmini, tabaka la makuhani. Nilidhani utaifa wa Kihindu ni mambo ya wakubwa na watu wa chini wote wanaupinga. Huyu wa pili amedanganywa, au kuna kitu sikioni? Na mimi niliye katikati nitoe mchango au nisitoe? Niwe nauliza watu matabaka yao ili nisikanyage pabaya?"*

Marahaba, mwanangu. Nikikusoma vizuri, mchango wenyewe si shida yako. Kinachokukera ni kuona mtu amesimama upande ambao, kwa hesabu zako, ni wa waliomkanyaga babu yake. Hata Wahindi wenyewe huulizana hivyo kila baada ya uchaguzi, na jibu la haraka huwa "kadanganywa" au "kanunuliwa". Mimi jibu hilo silitaki. Mtu mzima aliyezaliwa ndani ya mambo hayo anayajua kuliko wewe na mimi, na tukitaka kumwelewa inabidi tudhani kwanza kwamba ana akili timamu.

Nianze na lugha, maana Kiswahili chetu kinatuponza mara mbili. Tunasema "tabaka", neno lile lile la tabaka la wafanyakazi na tabaka la matajiri, kwa hiyo tunadhani ni habari ya fedha. Wenyewe huita *jati*, na jati ni kitu cha kuzaliwa nacho. Inakupa jina la ukoo na watu wa kuoana nao, na zamani ilikupa na kazi pia. Ukitajirika unabaki nayo, ukifilisika unabaki nayo. Pili, mitaani kwetu kila mwenye asili ya huko ni "Muhindi", awe Ismailia, Mgoa, Kalasinga au mwabudu Krishna. Mhindu wa dini tunamchanganya na Mhindi wa nchi. Usilicheke kosa hilo, kwa sababu Savarkar, mwandishi wa utaifa wa Kihindu, aliligeuza kuwa nadharia. Mwaka 1923 alitoa kitabu chake kuhusu Hindutva, yaani huo utaifa wenyewe, na humo Mhindu ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na papo hapo ni nchi yake takatifu. Kwa kipimo hicho Mbudha, Mjaini na Kalasinga wanaingia ndani, ila Mwislamu na Mkristo wanabaki nje hata kama babu zao hawajawahi kutoka India.

Sasa angalia kipimo hicho kinamwambia nini Mdalit. Kinamwambia: wewe ni wetu. Kwa karne nyingi kijiji kilimwambia si wetu, kaa nje ya mpaka, usiguse kisima. RSS ilianzishwa Nagpur mwaka 1925 na Hedgewar, na tangu mwanzo kwenye mazoezi yake, yaani *shakha*, watu hupanga mstari, hucheza, hushika fimbo na kuisalimu bendera ya rangi ya zafarani bila kuulizana jati. Kijana ambaye shuleni aliitwa kwa tusi la jati yake, pale anaitwa kaka. Ukilidharau hilo hutaelewa chochote kinachofuata.

Ila kuna mlango wa pili. Ndani ya miaka 100 RSS imekuwa na viongozi wakuu 6: Wabrahmini 5 na Mrajput mmoja, wa jati ya wapiganaji. Bunge la katiba lilipomaliza kazi yake mwezi Novemba 1949, gazeti la harakati hiyo, Organiser, lililalamika kwamba ndani ya katiba hiyo hakuna kitu cha sheria za Manu, sheria zile zile zilizompangia mtu wa chini mahali pake. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba alikuwa Ambedkar, na mwaka 1927 pale Mahad wafuasi wake, naye akiwepo, walikuwa wameichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria hizo.

Katika lugha zao kuna maneno mawili yanayofanana kwa sauti, na ugomvi wa nyumbani kwenu uko hapo. *Samata* ni usawa. *Samrasta* ni maelewano, watu kuchanganyika kama sukari na maziwa. Harakati za Wadalit zinadai la kwanza, RSS inahubiri la pili. Kuanzia Deoras, aliyeiongoza tangu 1973, imekemea waziwazi kutengwa kwa watu, na siku hizi kaulimbiu yake ni hekalu moja, kisima kimoja na uwanja mmoja wa kuchomea maiti kwa jati zote. Ni jambo la maana, wala sikejeli. Lakini unaweza kunywa kisima kimoja na jirani ilhali ardhi yote bado yake na binti yake huwezi kumwoa. Februari 2019, pale Prayagraj kwenye Kumbh, sikukuu ya kuoga mtoni, Waziri Mkuu Modi aliwaketisha wafanyakazi watano wa usafi kwenye viti, akakaa chini yao na kuwaosha miguu kwa mikono yake. Nadhani wenzako wawili walilia kwa video ile ile, mmoja kwa kuguswa, mwingine kwa hasira. Anayetaka samrasta aliona heshima. Anayetaka samata aliuliza kwa nini kazi ya mifereji ya kinyesi bado ni ya jati ile ile, wakati sheria ya 2013 inakataza kuifanya kwa mikono na watu bado wanafia humo.

Tuje kwenye mchango. Ungekuwa mji mwingine ningekushauri umchukulie huyo mwenzako kama mtu mbishi tu. Pune ni kitu kingine. Hapo ndipo Tilak, mwanasiasa aliyewapinga Waingereza, mwaka 1893, alipoitoa sikukuu ya Ganpati ndani ya nyumba na kuifanya ya barabarani ili kuwakusanya Wahindu. Na mwenzako wa kwanza, kwa dalili ulizonipa, ni Mbudha wa jati ya Mahar, jati ya Ambedkar. Tarehe 14 Oktoba 1956 Ambedkar aliacha Uhindu na kuingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu, na aliwaapisha viapo 22. Kiapo cha tatu kinasema sitamwamini Gauri wala Ganpati wala kuwaabudu. Kwa hiyo anapodaiwa mchango wa Ganpati, anaombwa avunje kiapo cha babu yake. Shilingi na senti hazimo. Ni kama umdai Msabato mchango wa karamu ya Jumamosi asubuhi, halafu umwambie hana ushirikiano.

Mji wa kiapo hicho nao ulikuwa Nagpur, na siku ilikuwa Vijayadashami, sikukuu ile ile ambayo RSS huhesabia kuzaliwa kwake. Watu husema alikusudia kuwachokoza. Ambedkar mwenyewe alikana siku iliyofuata, akasema aliuchagua mji kwa sababu ya Wanaga wa kale walioeneza Ubudha huko. Vyovyote vile, kila mwaka siku hiyo mji unagawanyika. Niliwahi kufika. Asubuhi, upande wa Reshimbagh, kwenye uwanja wa RSS, mistari ya wanaume wenye kofia nyeusi na fimbo, kimya, wote wakigeuka kwa amri moja. Jioni nikaenda Deekshabhoomi, mahali pa kiapo kile, kwenye kuba jeupe, na sikuweza kutembea kwa umati: bibi vizee wenye sari nyeupe waliofika kwa treni za usiku, watoto wamelala juu ya magazeti, na vibanda vya vitabu, safu baada ya safu. Mama mmoja ambaye ni wazi hakujua kusoma alikuwa anachagua vitabu kwa kuvipima uzito mkononi. Alinunua vitatu. Muuzaji akavifunga kwa kamba, naye akaviweka kichwani.

Oktoba 2, 2025, RSS ilipoadhimisha miaka 100, mgeni rasmi alikuwa Ram Nath Kovind, rais mstaafu wa India, na ni Mdalit. Picha ya Ambedkar siku hizi haikosekani kwenye sherehe za BJP. Hivyo pande zote mbili za nyumba yenu zina Ambedkar. Mmoja anamheshimu kama aliyeandika katiba ya taifa, mwingine anamfuata kama aliyewaambia watoke.

Kosa lako kubwa ni kuwaona watu wa chini kama kundi moja. Ambedkar aliliona mapema: mwaka 1920 aliifananisha jamii ya Kihindu na jengo la ghorofa nyingi lisilo na ngazi wala mlango, kila mtu anafia ghorofa aliyozaliwa. Baadaye akaongeza jambo gumu zaidi, kwamba kila ghorofa ina mwingine wa kumdharau chini yake, na ndiyo maana walio chini hawaungani kirahisi. Khairlanji, Maharashtra, mwaka 2006, familia ya Wadalit iliuawa na umati wa wanakijiji wenzao. Wengi wa wauaji walitoka jati za wakulima zinazohesabiwa na serikali kuwa zilizo nyuma kimaendeleo, hawakuwa Wabrahmini.

Kwa Maharashtra kuna ghorofa nyingine ndani ya ghorofa. Wamahar ni zaidi ya nusu ya Wadalit wa jimbo hilo. Walikwenda mjini mapema, jeshini na viwandani, wakasoma, na kazi nyingi zilizotengwa kwa Wadalit wamezipata wao. Wamatang, waliokuwa wasuka kamba, watengeneza mafagio na wapiga ngoma, wengi walibaki Wahindu na huona wenzao wamekula sahani yote. Sitaki kumbashiria mwenzako wa pili, lakini kama ni Mmatang, mambo mengi yanafunguka. BJP na washirika wake wanamjia na kumwambia: shujaa wenu tutamjengea sanamu, na hesabu ya sehemu yenu tutaitenga. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu majimbo kuzigawa nafasi za Wadalit kwa makundi madogo madogo. Kwa Mmatang hiyo ni haki iliyochelewa, na Wamahar wengi waliiona kama kabari ya kuwapasua. Na wote wawili nadhani wana haki ya kuona hivyo.

Uttar Pradesh ni hivyo hivyo. Kanshi Ram alianzisha chama cha BSP, cha kuwatetea Wadalit, mwaka 1984, kikamfikisha Mayawati, mwanamke wa jati ya watengeneza ngozi, kwenye kiti cha waziri kiongozi wa jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini. Mara yake ya kwanza, 1995, alishika kiti kwa kuungwa mkono na BJP. Sisi wa pwani tungesema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. (Methali hiyo ni ya dharau, najua. Lakini ona kwamba neno lenyewe, Baniani, latokana na jina la jati ya wafanyabiashara wa Gujarat. Jati zilishuka jahazini Mombasa na Unguja zamani sana. RSS nayo ilikuja: tawi lake la kwanza nje ya India lilianzia Kenya, mwaka 1947.) Miaka ilivyokwenda, jati nyingine za Kidalit kule Uttar Pradesh ziliona BSP imekuwa chama cha jati moja, na BJP ikazifuata moja moja, kila moja na shujaa wake wa kale, wengine wakisifiwa kwa kupigana na Waislamu. Hapo ndipo ninapoacha kuihurumia hesabu yao. Kiti anachopewa Mdalit ndani ya nyumba hiyo mara nyingi bei yake ni kumchukia Mwislamu aliye nje, na huyo Mwislamu mara nyingi ni fundi au mfumaji ambaye babu yake alikuwa Mdalit naye.

Kuna chombo kimoja kilichotengenezwa hapo hapo Pune kinachoeleza mengi kuliko hotuba zote. Mwaka 1932 Waingereza walitaka Wadalit wachague wabunge wao peke yao. Gandhi, aliyekuwa amefungwa gereza la Yerawada, aligoma kula mpaka afe. Ambedkar alisukumwa hadi akakubali mapatano: viti vya Wadalit viliongezwa kutoka 71 hadi 148, lakini kura zipigwe na watu wote. Mpaka leo ni hivyo. Viti 84 vya bunge la taifa ni lazima agombee Mdalit, ila karibu kila mahali wapiga kura wengi si Wadalit. Mgombea anayewakera wakubwa hashindi. Mwaka 2019 BJP ilichukua zaidi ya nusu ya viti hivyo. Wewe umekulia kwenye mjadala wa viti maalumu vya wanawake. Unajua swali la mbunge huyu ni wa nani, waliomo ndani ya jina lake au walioshika kalamu ya kumpitisha.

Jati za kati, zinazoitwa OBC, nazo zina hadithi yake. Agosti 1990 Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kuzitengea asilimia 27 ya kazi za serikali kuu, na miji ikawaka kwa hasira za vijana wa jati za juu. Mwezi uliofuata Advani wa BJP alipanda gari lililopambwa kama la vita vya kale, akaanzia Somnath kuelekea Ayodhya kudai hekalu la mungu Ram mahali pa msikiti wa Babri. Wachambuzi wengi wanaona gari lile lilikuwa jibu kwa ile asilimia 27: wakati wengine wanawahesabu Wahindu jati kwa jati, yeye aliwakusanya kwa dini. Msikiti ulibomolewa tarehe 6 Desemba 1992, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Ambedkar. BJP haikuziachia jati hizo, ikazipandisha. Kalyan Singh, aliyekuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh, jimbo lenye Ayodhya, siku ile, alikuwa wa OBC. Modi ni wa OBC. Kwa hiyo ile picha yako ya chama cha Wabrahmini ilipitwa na wakati kabla hujazaliwa.

Ila usidhani mlango umefungwa upande mmoja. Aprili 2018, Wadalit walisimamisha sehemu kubwa ya kaskazini kwa mgomo wa siku moja baada ya mahakama kulegeza sheria inayowalinda, na bunge likairudishia makali mwaka huo huo. Mwaka 2024, miezi michache baada ya Modi kuzindua hekalu la Ayodhya, wapinzani walizunguka na nakala ya katiba mkononi, wakisema BJP ikipata viti vingi mno itaigusa. BJP ilishuka kutoka viti 303 hadi 240. Jimbo la uchaguzi lenye Ayodhya yenyewe lilichukuliwa na Awadhesh Prasad, Mdalit, kwenye kiti ambacho hakikutengewa Wadalit. Mwaka uliofuata serikali, iliyokuwa ikisita, ilikubali kuhesabu jati zote katika sensa, jambo ambalo halijafanyika kikamilifu tangu 1931. Huyo mwenzako wa shakha huenda kura ijayo akaipeleka kwingine bila kuacha mazoezi yake ya alfajiri.

Sasa wewe. Mchango wako ni wako, toa ukipenda, lakini kamwe usimlipie mwenzako kimya kimya ili amani ipatikane. Akijua, utakuwa umemwapisha kinyume cha kiapo chake. Pendekeza mfuko wa nyumba uwe wa gesi, mchele na umeme peke yake, na ibada kila mtu mfukoni mwake.

Kuuliza jati, hapana. Huko hata swali la "jina lako kamili nani?" linaweza kumfanya mtu abane pumzi, kwa sababu jina la ukoo linamtaja, na wengi wamebadilisha majina ili wapate chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anayesisitiza wapangaji wasiokula nyama mara nyingi anachuja jati na dini kwa pamoja. Na wewe Mwafrika nadhani chujio hilo umeshalionja. Wakikwambia wenyewe, sikiliza. Na nafasi yao ya chuo, hata kama ni ya zile zilizotengewa Wadalit, usiiite ya bure hata kwa utani.

Lakini kama mikono itanyanyuka tena, acha kuwa mwamuzi. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kwenye ofisi ya fursa sawa ya chuo, inayoshughulikia Wadalit na makabila ya asili. Sheria ya 1989 dhidi ya ukatili kwa Wadalit haitawasaidia hapa, maana inamgusa mkosaji asiye wa makundi hayo, na hawa wote wamo. Tusi likitoka kwa mwenye nyumba au mwalimu ni habari nyingine. Hapo mwenzako atafute wakili, wewe uwe shahidi. Ukishambuliwa wewe, piga polisi kisha ubalozi wetu siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 mwanafunzi wa kwetu alishambuliwa na umati Bengaluru, na serikali zote mbili zikasikia haraka kwa sababu watu hawakunyamaza.

Na watakualika. Mmoja atakuita Januari mosi twende Bhima Koregaon, kilomita 30 hivi kutoka mlipo, kwenye mnara wa askari wa Kampuni ya Kiingereza, miongoni mwao Wamahar, waliopigana mwaka 1818 na jeshi la Peshwa, mtawala Mbrahmini wa Pune. Mwaka 2018 hapo palitokea ghasia, na waliokamatwa baadaye kwa kesi iliyotokana nazo wengine walikaa gerezani miaka bila hukumu. Mwingine atakuita shakha. Mnara utembelee siku ya kawaida, jengo la kihistoria halina ubaya, na alfajiri moja kaa pembeni ya uwanja uangalie mazoezi. Usibebe bango la yeyote. Wakati wa maandamano ya sheria ya uraia, 2019, mwanafunzi Mjerumani wa chuo kimoja Chennai alishika bango akaambiwa aondoke nchini. Viza yako ni ya masomo, na bado hujayamaliza.